Wanamuziki Waliolenga Mizinga

Portsmouth, Machi 1921

Mjomba Hector,

Nashikilia kwamba mizinga ya manowari zetu ililengwa na wanamuziki, na kwamba jina la marehemu baba linastahili kuchongwa kwenye jiwe la kumbukumbu la wapiga mizinga kanisani, ingawa umeandika gazetini kuwa halistahili.

Wewe, darubini mkononi, uliona kombora lilipoangukia. Chini ya sitaha, bendi ya meli, baba akiwemo, ilizungusha mipini ya mashine iliyokadiria adui, aliye maili nane mbali, atakuwa wapi kombora likifika. Walichaguliwa wao kwa kuwa mikono yao haipotezi mapigo.

Nakumbuka Jumapili zile, baba akisaga kahawa huku akiimba polepole, nawe ukimchokoza: "Shemeji, leo zumari lako linazamisha meli gani?"

"Yoyote utakayoweza kuiona, shemeji," akajibu, na mama akacheka hadi akamwaga maziwa.

Baba alizama na meli vitani akiwa kwenye mashine ile. Sasa mama hulipita jiwe lile akiwa ameinamisha uso.

Nijibu gazetini humo humo, wote wasome: siku mlipogonga shabaha, ni nani waliokuwa wakizungusha mipini?

Mpwao,
Cuthbert Penrose, Mhitimu wa Hisabati