Mashini Moja, Watoto Wawili

Hospitali ya Baraka, Jumanne jioni. Mvua imekatika sasa hivi.

Nimezoea mengi kama muuguzi wa chumba hiki cha watoto, lakini siku za mawingu bado naziogopa. Jua likikosekana, umeme wa sola wa hospitali unatosha mashini moja tu ya oksijeni. Asubuhi hii ilikuwa ikitumiwa na Amisi, mtoto wa Mama Riziki kutoka Mboko. Nimonia. Tangu jana alikuwa na nafuu, hata uji alianza kuomba.

Ndipo pikipiki ikaingia kutoka Lubondja, matope mpaka kwenye usukani. Aliyeshuka ni Odeta, mkimbizi wa Burundi anayelima huko, na binti yake mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Kila akivuta pumzi, mbavu zinazama.

Daktari alikuwa kwenye upasuaji. Kugawanya oksijeni kusingefaa. Mashini imechoka, hakuna ambaye angepata ya kutosha.

Nilijua la kufanya. Nilishindwa kulisema.

Nikajifanya napima homa ya Amisi. Mama Riziki alikuwa ananitazama tu.

"Mama muganga," akasema, "mutoto yangu anaweza bakia kidogo bila hii mashini?"

"Kidogo, mama. Lakini siwezi kuapa."

Akamtazama binti wa Odeta. Akampakata Amisi.

"Basi, toa. Muwekee ule mwengine. Lakini mi sitoki hapa, na we usitoke."

Nikauhamisha mpira wa oksijeni, nikamwekea binti wa Odeta. Sikutoka. Macho yangu yalikuwa kwenye kipimo cha oksijeni kilichobana kidole cha Amisi. Namba ikashuka. Ikashuka tena. Mama Riziki akaanza kuomba kwa Kibembe, sauti ya chini kabisa. Namba ikasimama. Haikupanda, lakini ilisimama.

Jioni hii Amisi anapumua mwenyewe na anadai uji wake. Binti wa Odeta amelala, midomo imerudia rangi yake. Odeta alizikusanya nguo chafu za Amisi, akaenda kuzifua.

Daktari amenisifu. Anasema niliamua vizuri.

Sikuamua mimi.

Nilingoja mama wa mtoto aniamulie, na alipofungua kinywa nilihisi mzigo umenitoka. Tangu mchana nawaza jambo hilo moja. Kama angenyamaza, ningeuvuta ule mpira puani mwa mwanawe, huku ananitazama?