Isale kwenye meza ya semina

Nice, nipo nje ya ukumbi hapa Moshono, nimetoka kwa hasira.

Ile semina ya kaka Godbless, ya kuwafundisha uongozi wana-diaspora wanaotaka kusaidia nyumbani. Alivyotuita na mama nikajua mama ataongea. Si ndiye anayegawa zamu za maji ya mfereji kule Machame, huu mwaka wa ishirini?

Kumbe kaka kamsimamisha mbele ya wenzake waliotoka Ujerumani, akasema: "Huyu ni mfano wa watu ambao hawajawahi kupata kiongozi."

Hawajawahi kupata kiongozi. Anamsema mama yake mzazi.

Halafu akachomoa jani la isale kwenye vase ya mezani, akampa mama, eti kumbukumbu ya utamaduni wetu.

Mama akalipokea kwa mikono miwili. Akasema taratibu, "Mwanangu, kwetu Wachaga isale unampelekea mtu uliyemkosea, unamwomba msamaha. Haya, waambie wenzako umenikosea nini."

Godbless akaanza kupekua karatasi zake. Nice, anapekua karatasi!

Mama akamrudishia jani lake. "Ukishajua, uniletee nyumbani."