Hodi kwenye Mlango wa Mawe

La Rochelle, Johannesburg
14 Mei 2006

Mpendwa mjukuu wangu Thandi,

Marahaba kwa shikamoo yako. Huku tu wazima; mjomba wako amepata kazi Randburg, na ameanza kunenepa.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini napiga hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, nami naishi peke yangu.

Baada ya kumzika babu yako niliacha kupiga hodi, maana wa kuniitikia "karibu, mama" hakuwepo tena. Mwaka uliofuata mama yako alikwenda Kambodia kikazi, akanichukua. Siku moja tulizunguka mahekalu ya kale ya Wakhmer kwa baiskeli, tukiongozwa na Bwana Sok. Njia ilipita msituni, bila robot, zile taa za barabarani, wala foleni. Kutani wamechongwa wanawake, kila mmoja na msuko wake wa nywele. Niliwatazama mpaka shingo ikauma.

Kwenye hekalu moja dogo nilivua viatu mlangoni, na mdomo ukasema wenyewe, "Hodi."

Mama yako akacheka. "Mama, wenyeji walishakufa zamani."

Bwana Sok akataka kujua nimesema nini. Nilipomweleza, aliunganisha viganja akainama.

"Hata mimi huomba ruhusa," alisema. "Sisubiri jibu. Nawaheshimu tu waliojenga."

Nyumba hii babu yako aliijenga kwa mikono yake, Thandi. Niliporudi nilipiga hodi, nikaingia, na usiku ule nililala vizuri.

Nami unikumbuke, mwanangu, hata kwa kunitaja jina tu.

Bibi yako,
Mwanaidi