Shati la Mwalimu Lilinuka

Shoga, acha unachofanya unisome. Mama kamuumbua kitindamimba wake mbele ya mteja!

Yule mwalimu mkuu karudi hapa kwetu dobi na shati aliloletewa jana, eti linanuka. Mama akawaka. "Linanuka? Shati lililopita mikononi mwangu?"

Akalinyunyizia maji, akalipitishia pasi. Mvuke ulipopanda, akaunusa. Bangi, shoga. BANGI!

Hakumtazama mwalimu. Alimtazama mdogo wangu, mpeleka nguo wetu, aliyekuwa anapanga henga za nguo zilizokwisha kupangwa.

"Ulilivaa hili kabla hujalipeleka?"

"Labda ni moshi wa jirani, mama."

"Jirani gani anavutia kwenye kwapa la mteja?"

Mwalimu alicheka. Mama hakucheka. Siku zote hizi amekuwa akimnusa mdogo wangu akiingia, halafu anajidanganya kuwa ni marashi mapya. Leo hakujidanganya. Akatia mkono mfukoni mwa suruali ya mdogo wangu, akaugeuza mfuko nje. Mbegu za bangi zikadondoka juu ya shati jeupe la watu. Mbegu, shoga, mbele ya mwalimu mkuu!

Mdogo wangu machozi yakamlenga. "Mimi ni mtu mzima, mama. Umenidhalilisha. Niombe radhi."

Mama akachomoa pasi ukutani, taratibu kabisa.

"Umevaa nguo ya mtu, ukavutia bangi humo, ukaniacha nimbishie mteja kwa ajili yako. Kuanzia kesho unafulia hapa hapa, ninapokuona. Mwalimu nimemkosea, nitamwomba radhi. Wewe sikuombi. Leo sikuombi, na kesho usinisubiri."