Kipimo cha Ua wa Mama

Idara ya Vipimo vya Ardhi,
Chumba cha mwisho, ghorofa ya chini.
Jumanne, tarehe 9 mwezi wa tatu.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini ya paa lako. Magoti yanasemaje? Na yale masikio, bado yanachagua ya kusikia? Usinikasirikie mimi, Mama ndiye anayesema kwamba ukiitwa kula unasikia vizuri kabisa. Sisi huku tunapumua. Nisikudanganye kwa kusema hatujambo.

Ningekupigia simu, lakini huko kwenu mtandao huja na kuondoka bila kuaga. Na haya ya leo hayafai kupigiwa kelele. Tafadhali kaa chini uyasome ukiwa peke yako.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nasikia bado unawaambia watu kwamba mpwa wako anachimba visima. Sichimbi kitu. Chini ya ardhi kuna gesi inayoitwa methani. Haina rangi wala harufu, inashika moto, na mahali pengine inapanda yenyewe kupitia nyufa za miamba bila mtu kuichokoza. Wakubwa wanataka kujua ardhi inatoa kiasi gani kwa hiari yake, ili wajue kiasi gani kinatokana na sisi wanadamu. Basi tunachukua chombo mfano wa ndoo, tunakifudikiza juu ya udongo, tunakizungushia matope pembeni kisivuje, tunachomeka mpira hadi kwenye mashine, kisha tunachutama dakika kumi kuangalia namba zinavyopanda. Tukimaliza tunasogea hatua hamsini, tunaanza upya. Siku nzima ni hivyo, na mgongo wangu ni shahidi.

Miaka miwili iliyopita tulipima mtaa wa nyumbani. Unalikumbuka lile dimbwi la nyuma linalotoa mapovu mwaka mzima, ulilotukataza kuchezea? Halmashauri ilitaka kujua nyumba zipi zihamishwe. Ua wa Mama ulikuwa kituo cha arobaini na moja.

Mjomba, unamjua dada yako. Aliposikia wataalamu wanakuja, na mwanawe yumo, aliamka akafagia ua, kisha akaumwagia ndoo sita za maji kulaza vumbi, wenzangu wasije wakasema nimetoka jalalani. Tulipofika, ua unapendeza, na yeye kasimama mlangoni na sinia la chai. Sasa udongo ukilowa, matundu yake yanaziba, gesi haipiti hapo, inatafuta pengine. Hilo nalijua tangu wiki yangu ya kwanza kazini. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika hali ya udongo, na ukiandika "umelowa" unatakiwa kurudi baada ya siku tatu. Wenzangu walikuwa wakimsifia Mama kwa usafi, naye anacheka kama bibi harusi. Niliona haya kumwambia mbele yao kwamba usafi wake umetuharibia kazi. Niliandika "mkavu". Mashine ilisoma sifuri, nami nikatia sahihi.

Nilijiambia nitarudi. Sikurudi. Sina sababu ya kukupa. Nilisahau, au nilijisahaulisha.

Mama aliitia nakala yake ya fomu ile kwenye fremu akaitundika sebuleni. Kila mgeni huonyeshwa sahihi yangu kabla hajakaa. Majirani wa upande wa dimbwi walipohamishwa, yeye alibaki, na kwa furaha yake akajenga stoo nyuma ya jiko na kumwaga saruji ua mzima, nene utadhani ataegesha malori. Gesi iliyokuwa ikitoka uani kidogo kidogo sasa ikakosa njia. Ikajipenyeza kwenye ufa mwembamba ndani ya stoo, pale sakafu inapokutana na ukuta.

Wiki tatu zilizopita kitindamimba wetu aliingia humo kutafuta chujio. Taa ilikuwa imeungua, akawasha kiberiti. Mikono yote miwili, Mjomba, hadi viwikoni, na nyusi zimekwenda. Daktari anasema vidole vitakunjika tena, lakini cherehani asahau mwaka huu. Unajua alivyo yule, bila cherehani hana la kufanya wala la kusema. Analala kwangu ameangalia dari.

Mama anamlaani muuza mitungi ya gesi. Anaamini mtungi ulivuja. Alikwenda hadi dukani kwake akamtukana mbele ya wateja, na maskini yule mtu akamwomba radhi. Mtungi niliukagua mwenyewe, hauna kasoro yoyote. Ile ilikuwa gesi ya ardhini.

Nimepima ule ufa. Hewa ikifikisha sehemu tano za gesi hii katika mia, cheche moja inatosha kulipua chumba. Siku ya kwanza kona ile ya stoo ilisoma mbili. Jana ilisoma tatu na nusu.

Usidhani nimekaa tu nikilia. Nilimweleza msimamizi wangu ukweli wote. Tunamwita Bwana Nukta, kwa jinsi asivyosamehe hata nukta moja ya hesabu. Hajanifukuza, bado. Alikifuta kipimo changu mbele ya macho yangu, akaandika ombi Mama ahamishwe haraka. Ombi linapita ofisi nne, na ya kwanza ingali inatafuta faili. Nikatoboa ukuta wa stoo nikaweka bomba la kutolea hewa. Mama akaliziba kwa tambara, eti panya. Nikazibua, akaziba. Mara ya tano aliniuliza kama siku hizi nalipwa kwa kuingiza panya majumbani mwa watu.

Nilimwambia pia kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa na makosa. Aliifuta vumbi ile fremu kwa pindo la kanga yake, taratibu.

"Kama cha kwanza ulikosea," akasema, "basi na hiki cha leo umekosea. Niachie nyumba ya baba yako."

Jibu ni moja tu, zile ndoo sita, na mdomo wangu haulitoi. Kila asubuhi anakwenda kwangu kumlisha binti yake kijiko kwa kijiko, anampulizia uji usimwunguze. Nimwambieje mtu huyo? Kosa ni langu, fomu ilikuwa mkononi mwangu, lakini Mama hatalisikia hivyo. Atasikia maji tu, na hatainua tena kile kijiko. Mjomba, nimeishiwa. Nalia kazini, nalia bafuni, jana nimelia mbele ya mashine hadi Bwana Nukta akatoka nje akidai anatafuta kalamu.

Umebaki wewe peke yako. Mama hatatoka kwa ajili ya uhai wake, lakini kwa kaka yake atatoka. Mwaka ule ulipovunjika mguu, alifunga mzigo kabla hajamaliza kusoma barua. Mwandikie. Sema magoti yamekushinda kabisa, sema mkeo hawezi tena peke yake kukushika mkono uende msalani, sema lolote litakalomtia hofu. Najua hujawahi kumdanganya, na unajivunia hilo. Nakupigia magoti: mdanganye. Usitaje gesi, usinitaje mimi. Na hata akija, hata mkizeeka pamoja hapo, lile la maji lisitoke kinywani mwako.

Barua huchukua siku nane kufika kwako, na yako nane kurudi. Hesabu hiyo nimeshaipiga pamoja na ya ule ufa, usinikumbushe jibu lake.

Nisalimie mkeo, na mwambie zile shuka alizonitumia ndizo kitindamimba analalia. Msalimie binamu yangu fundi saa, na bibi wa nyumba ya pili anayekuletea magazeti. Mola awape afya, awaepushe na kila baya linalokuja bila hodi.

Barua ya Mama itume kwake. Yangu pia itume huko huko, kwani tangu Jumapili nimehamia. Kitindamimba nimemwacha na mpangaji mwenzangu, ni muuguzi. Mama anadhani nimemkumbuka, na furaha yake haina kifani: anawasha jiko mara tatu kwa siku ili anipikie. Nimemwambia sina njaa, haniamini. Nilimwambia pia kwamba asipotoka, na mimi sitoki. Akacheka, akaniongezea chakula. Kwa hiyo ukishika kalamu, Mjomba, ujue mle ndani sasa tupo wawili.

Mpwa wako akupendaye, anayekungoja,
Mtoto wa dada yako, yule wa kwanza