Mguu wa Wafula Hautafika Nyumbani

Machakos, hospitalini
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na boma lote la Bungoma. Magoti yanaendeleaje na hii baridi? Wifi yangu Nafula, nimeipiga picha barua hii nikakutumia kwa simu. Msomee Mama polepole, karibu na lile sikio lake zuri, na usiruke kitu hata akilia.

Mimi nipo. Mwanao Wafula pia yupo, ila siwezi kuandika kwamba ni mzima.

Mnajua jiwe la machimbo ya Mlolongo lilivyomponda mguu. Wenzake walifungua kapsuli za rangi mbili wakamwagia unga wake kwenye kidonda, kama tunavyofanya sote huko nyumbani, ndipo wakamleta Machakos. Akapasuliwa, akawekewa chuma, nami nikamshukuru Mungu mapema mno. Baadaye usaha ukaanza. Walibadilisha dawa, wakabadilisha tena, na homa ikabaki palepale.

Maabara waliotesha ule usaha, wakajaribu kila dawa waliyo nayo. Daktari wake, msichana mdogo mwenye macho yaliyochoka kuliko yangu, akaniambia, "Mama, hawa wadudu ni sugu. Wako na ukuta mara mbili, na dawa ikipenya wanaitema. Aliwapatia hapa hapa wodi."

Nilimuuliza kwa hasira mtu anakujaje hospitali kuokota ugonjwa. Hakununa. Alisema wadudu hao hukaa hata kwenye masinki na mipira ya mkojo, na wamezizoea dawa kwa sababu tunazimeza ovyo. Imebaki dawa moja, nayo inamuumiza figo.

Sasa amelazwa pembeni peke yake. Siruhusiwi kumgusa bila glavu. Mume wangu, Mama, namshika kama mtu anayeosha choo! Naogopa sana. Juzi nililia kwenye koridoo mpaka mama mmoja wa Tala, anayemuuguza mwanawe, akanikalisha. "Mwiitu wakwa, binti yangu, wacha kulia na njaa," akasema. "Kula hii muthokoi kwanza, utalia ukishiba." Nikala hayo mahindi na maharagwe yake, kisha nikalia tena.

Zile kapsuli ulizotuma na basi zimefika. Sijampa, tafadhali usininunie. Na kuku wako pia, acha kuwawekea kwenye maji.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari anataka kuukata mguu, juu ya goti, kabla sumu haijaenea kwenye damu yote. Wafula amekataa. Si kisu anachoogopa. Kwenu mtu huzikwa mzima, na kiungo kikikatwa hurudishwa kwenye udongo wa boma. Nilimwahidi nitaupeleka mwenyewe kwa basi, hata kwa ndoo. Lakini hospitali wamekataa usitoke. Kwa sababu ya wale wadudu, utachomwa hapa hapa.

"Nitaenda kulala kando ya baba yangu nikiwa nusu?" aliniuliza. "Mayi aliyenizaa akikubali, nitakubali. Wewe huwezi kunisemea mambo ya boma letu."

Maneno hayo yaliniuma. Na nikikupigia simu unasikia nusu, unaitikia "eee, Mungu yupo," kisha unakata.

Mama, nakuomba nikiwa nimepiga magoti. Wewe ndiye uliyemzaa na miguu miwili, na ni wewe tu unayeweza kumruhusu abaki na mmoja. Kaa na baba mdogo usiku huu huu. Kama kuna kuku wa kuchinjwa, achinjwe. Kama kuna maneno ya kusemwa kaburini kwa baba, yasemwe. Kisha Nafula akurekodi. Usimhubirie. Mwambie tu kwamba umeuachilia mguu uchomwe Machakos, na kwamba udongo wa kwenu utampokea hivyo hivyo siku yake ikifika, siku iliyo mbali. Nitamwekea simu sikioni. Daktari anapita asubuhi, na leo Wafula ameanza kuniita kwa jina la dada yake.

Nisalimie baba mdogo, mkubwa wa boma sasa, na jirani yetu anayekukamulia ng'ombe. Wakumbatie wanangu unaonilelea. Yule mdogo akiuliza baba atamletea nini safari hii, mwambie atajileta mwenyewe.

Ni mimi mkaza mwanao, ninayelala na simu mkononi,
Nekesa