Kidonge Kabla ya Maharage

Jumatatu, 3 Machi
Maboksi ghalani kutwa. Mkono wa kulia umetetemeka tena, hasa nilipoupumzisha. Nikishika boksi unatulia. Msimamizi ameniangalia sana. Anadhani ni pombe. Sinywi.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari amenitembeza, ameniambia nigonganishe vidole. Ugonjwa unaitwa Parkinson. Mkalimani wa kwenye simu alilirudia jina hilo. Chembe za ubongo zinazosaidia mwili kujongea zinakufa. Kwa nini mimi, hawajui. Hauponi. Kuna vidonge vya kusaidia. Nimechoka hata kuogopa.

Jumatano, 19 Machi
Mke wangu hataki dawa iingie tumbo tupu. "Baba Neema, hiyo dawa kali. Shiba kwanza." Ugali, maharage, samaki, halafu kidonge. Ndivyo tulivyolelewa kule Uvira.

Leo miguu iligoma mlangoni mwa ghala, kama imegundishwa sakafuni. Wenzangu nyuma wakapiga kelele. Nimemtajia msimamizi ugonjwa wangu. Hakuujua. Amenipa mpaka Pasaka. Nisipokuwa na nafuu, nikae nyumbani.

Ijumaa, 28 Machi
Hakuna nafuu. Nimesema naacha vidonge. Mke wangu amelia. Mimi nimelala.

Jumapili, 30 Machi
Kanisani Blacktown, mtaa wetu huku ugenini, waliniwekea mikono. Mkono wangu ukatetemeka, wakashangilia: "Moto wa Roho!" Nilitamani kutoroka.

Nje akanifuata Wanjiru, nesi Mkenya anayeujua ugonjwa huu.
"Baba, dawa unameza saa ngapi?"
"Nikishashiba."
"Umeshiba nini?"
"Maharage."
Akacheka mpaka akashika ukuta. "Aki baba! Maharage yanaingia, kidonge kinabaki nje kinabisha hodi!"
Kumbe protini hushindana na dawa hii. Akaacha kucheka. Akasema nisithubutu kuiacha ghafla, ni hatari. Nimuulize daktari.

Jumanne, 1 Aprili
Daktari amekubali. Nimeze nusu saa kabla ya kula. Kichefuchefu kikija, biskuti kavu. Mke wangu amenunua biskuti za kulisha kijiji. Nikimeza, anageukia sinki ili asione.

Alhamisi, 17 Aprili
Kesho Ijumaa Kuu. Msimamizi amenihamishia meza ya kubandika lebo. Mchana miguu haigomi tena, nabaki kazini. Kwa sasa. Jioni dawa inapoisha nguvu mguu unaburuta, na mwandiko huu unazidi kuwa mdogo. Sijapona.

Asubuhi nilifunga vifungo vya shati. Polepole. Mke wangu alisimama mbele yangu, mikono tayari. Nilipofika cha mwisho akaishusha, akaenda kuwasha jiko.